Judith Wright: Mshairi aliyeweka beti kando ili aiokoe bahari

NDUGU msomaji, ukiulizwa mshairi ana kazi gani katika jamii, bila shaka hutasita kujibu. Utasema kwamba mshairi hufunza, huonya, huliwaza na husifu. Sisi tuliolelewa na lugha ya Kiswahili hatuna shida na swali hilo, kwani tangu zamani mashairi yetu yametoa wosia, yamejibizana magazetini na yamewaambia wakubwa maneno ambayo wengine waliogopa kuyasema.

Lakini liko swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Mshairi afanye nini anapokiona kitu alichokisifu katika beti zake kikiangamizwa mbele ya macho yake? Je, akae chini atunge shairi jingine, safari hii la maombolezo? Au aweke utunzi kando, aingie uwanjani kupambana, hata kama mapambano hayo yatamnyang'anya muda wa kutunga?

Swali hilo lilimkabili mwanamke mmoja wa Australia, aliyekuwa mshairi mashuhuri wa nchi yake katika karne ya 20. Jina lake ni Judith Wright. Leo tunapenda kukusimulia maisha yake, kwa sababu jibu alilolitoa liliwaachia wanadamu wote urithi mkubwa, nalo lilimgharimu yeye mwenyewe kitu alichokipenda kuliko vyote.

MTOTO WA MALISHO

Judith Wright alizaliwa tarehe 31 Mei, 1915, karibu na mji wa Armidale, katika nyanda za juu za jimbo la New South Wales. Wazazi wake walikuwa wafugaji wakubwa, nao ukoo wao ulikuwa umeishi Australia kwa vizazi kadhaa tangu wahenga wake walipohamia huko kutoka Uingereza. Unapolisikia neno shamba, usifikirie eka kumi za mahindi na mihogo. Hapa tunazungumzia malisho yasiyoonekana mwisho wake, yenye ng'ombe na kondoo wengi, na jirani wa karibu akiwa mwendo mrefu juu ya farasi.

Mama yake alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mtoto huyo alianza kutunga mashairi akiwa mdogo sana, ili amfurahishe mama yake kitandani. Mama huyo alifariki dunia mwaka 1927, kabla bintiye hajatimiza umri wa miaka kumi na mitatu. Basi ushairi kwa Judith haukuanza kama pambo wala njia ya kutafutia sifa. Ulianza kama huduma kwa mtu ampendaye, na tutaona kwamba ndivyo ulivyoendelea kuwa.

Masomo yake ya kwanza aliyapata nyumbani, kwa njia ya posta, kisha akapelekwa katika shule ya bweni ya wasichana, na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Sydney. Huko alisoma falsafa, fasihi ya Kiingereza, historia na elimu ya nafsi, lakini hakuchukua shahada. Tangu utotoni alijua jambo moja lililomchoma: kwa desturi za ukoo wake, ardhi hurithiwa na watoto wa kiume. Angeweza kuipenda ardhi ile kadiri atakavyo, lakini isingekuwa mali yake.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika Bahari ya Pasifiki, vijana wengi wa mashambani waliitwa jeshini, na wafugaji wakabaki bila wasaidizi. Judith aliondoka Sydney akarudi kumsaidia baba yake. Alikuwa ndani ya gari moshi, akitazama dirishani milima ya kwao ikijitokeza, pale alipotambua kwa mara ya kwanza jinsi moyo wake ulivyofungamana na nchi ile. Mashairi yaliyotokana na mtazamo huo yalichapishwa mwaka 1946 katika kitabu kiitwacho The Moving Image. Mara wasomaji wakajua kwamba sauti mpya imezaliwa. Mwaka 1949 kilifuata kitabu cha pili, Woman to Man, ambamo mimba na uzazi vilizungumzwa kwa sauti ya mwanamke mwenyewe, jambo ambalo washairi wa wakati huo hawakulizoea.

NYUMBA MLIMANI

Wakati wa vita Judith alihamia Brisbane, mji mkuu wa jimbo la Queensland. Huko alifanya kazi chuo kikuu, na jioni alisaidia katika gazeti la fasihi liitwalo Meanjin. Ndipo alipokutana na Jack McKinney, mwanafalsafa aliyejielimisha mwenyewe na aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza akarudi na afya iliyovunjika. Jack alimzidi Judith umri kwa zaidi ya miaka ishirini, na wala hakuwa na mali. Hata hivyo wawili hao waliamua kuishi pamoja, na mwaka 1950 walijaliwa mtoto wao wa pekee, binti aliyeitwa Meredith.

Walifanya makazi yao katika Mlima Tamborine, kusini ya Brisbane, ndani ya nyumba ya mbao waliyoiita Calanthe, kwa jina la ua la okidi linaloota katika misitu ya huko. Maisha yao yalikuwa ya kubana matumizi. Judith alikimu familia kwa kalamu: vitabu vya watoto, hotuba, michezo ya redio kwa ajili ya shule, pamoja na kazi nyingine ndogo ndogo za uandishi. Alilima bustani. Alimwonyesha binti yake ndege wa msituni mmoja mmoja na kumtungia mashairi juu yao, hata yakatosha kuwa kitabu.

Kadhalika, tangu ujana wake masikio yalikuwa yakimpotea polepole. Kila mwaka ulipopita alisikia kidogo zaidi, na miaka ya mwisho ya maisha yake hakusikia kabisa. Tafakari hali hiyo, ndugu msomaji. Mtu aliyeishi kwa mizani na vina alikuwa akifungiwa mlango wa sauti, na ndege aliowatungia mashairi wakawa wanaimba asiwasikie. Simu kwake ilikuwa taabu. Ndiyo maana, atakapoingia katika mapambano, silaha yake kubwa itakuwa barua.

Msitu uliouzunguka mlima ule nao haukubaki kama ulivyokuwa. Miti ilikatwa, viwanja vilipimwa, barabara zikapanuliwa. Judith aliyaona hayo kwa macho ya mtu ambaye tayari alikuwa ameshatumia maneno mazuri yote aliyokuwa nayo kuisifu nchi hiyo. Akatambua kwamba sifa hazimzuii mwenye shoka.

Mwaka 1962 alikutana na watu wachache wenye uchungu kama wake: Kathleen McArthur, msanii aliyechora maua ya porini; David Fleay, mtaalamu wa wanyama; na Brian Clouston, mchapishaji wa vitabu. Wanne hao waliunda Chama cha Kuhifadhi Wanyamapori cha Queensland. Judith alichaguliwa kuwa mwenyekiti, na alikishika cheo hicho hadi mwaka 1976. Hawakuwa na ofisi ya fahari wala mfuko mnono. Walikuwa na meza, mashine ya chapa, stempu na gazeti dogo la kuwafunza wananchi juu ya viumbe wa nchi yao.

Miaka michache baadaye kampuni zilipotaka kuchimba mchanga wa pwani ya Cooloola ili zitoe madini, Kathleen McArthur aliongoza kampeni ambayo ilikuwa rahisi mno hata mtoto angeweza kuishiriki: wananchi walitumiwa kadi za posta, wakazitia saini na kuzipeleka kwa kiongozi wa serikali ya jimbo. Maelfu ya kadi yalimiminika. Mwaka 1975 Cooloola ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

CHOKAA YA MATUMBAWE

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1967. Mkulima mmoja wa miwa wa kaskazini mwa Queensland aliomba leseni ya kuchimba matumbawe ya mwamba uitwao Ellison Reef ili apate chokaa ya kurutubisha mashamba. Alidai kwamba mwamba huo umekwisha kufa. Basi kuna hasara gani kuuchimba?

Msomaji wa Pwani hatashangaa kusikia habari ya chokaa ya matumbawe. Nyumba za kale za Kilwa, Bagamoyo na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na matanuru ya chokaa yamewaka kandokando ya bahari yetu kwa karne nyingi. Kwa mtazamo wa haraka, ombi la mkulima yule lilikuwa dogo. Lakini Ellison Reef ni ushanga mmoja tu katika mkufu mrefu. Ni sehemu ya Great Barrier Reef, mlolongo wa miamba karibu 3,000 inayoenea kilomita zipatazo 2,300 kando ya pwani ya Queensland. Huo ni mwendo unaozidi pwani yote ya Tanzania Bara, kutoka Tanga hadi Mtwara. Kama leseni ingetolewa kwa mwamba mmoja kwa hoja kwamba umekufa, nani angeweza kuwakatalia waombaji wa kesho?

Aliyeshtuka kwanza ni John Büsst, mchoraji aliyeishi pwani ya Bingil Bay, si mbali na mwamba huo, na aliyekuwa kiongozi wa tawi la chama katika mji wa Innisfail. Alipeleka pingamizi na kumwarifu Judith. Wa tatu wao alikuwa Len Webb, mtaalamu wa misitu ya mvua. Hivyo mchoraji, mshairi na bwana misitu wakajikuta wakisimama mbele ya serikali na wafanyabiashara kuitetea bahari.

Vijana wa chama cha elimu ya bahari cha Chuo Kikuu cha Queensland walijitolea kupiga mbizi katika Ellison Reef wakaone kwa macho yao. Waliibuka na habari iliyovunja hoja ya mwombaji: mwamba ule ulikuwa hai, umejaa matumbawe ya aina nyingi, samaki na konokono wa baharini. Tena walieleza jambo ambalo wengi hawakulijua. Hata matumbawe yaliyokufa si jiwe bure, kwa kuwa juu yake na ndani ya mashimo yake huishi viumbe wengine, na juu yake matumbawe mapya hujijenga. Maelezo hayo yalitolewa mbele ya mwamuzi wa madini mjini Innisfail, naye akashauri ombi likataliwe. Likakataliwa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. La hasha! Huo ulikuwa utangulizi tu.

MAFUTA

Ikagundulika kwamba serikali ya jimbo ilikwisha kutoa vibali vya kutafuta mafuta katika sehemu kubwa mno ya eneo la Mwamba Mkuu. Waziri Kiongozi wa Queensland tangu mwaka 1968 alikuwa Joh Bjelke-Petersen, mtu aliyeamini kwamba maendeleo hupimwa kwa machimbo na viwanda, na ambaye hakuwa na subira na watu waliomletea habari za samaki na maua. Kwa upande wa pili alisimama mjane. Jack McKinney alikuwa amefariki mwaka 1966, na Judith, akiwa na binti wa kulea na masikio yasiyosikia vizuri, sasa alibeba mzigo wa chama peke yake nyumbani.

Usiku na mchana aliandika. Aliwaandikia mawaziri, wabunge, wanasayansi, wahariri na vyama vya wafanyakazi. Alisafiri kuhutubia mikutano ambayo mara nyingine hakuweza kuyasikia maswali aliyoulizwa. Alisoma ripoti za jiolojia na sheria za bahari, elimu ambayo hakupata kuisomea. Vibandiko vilivyowasihi watu wauokoe Mwamba Mkuu vikaanza kuonekana nyuma ya magari katika miji ya Australia.

Dunia nayo ikatoa ushahidi. Mwaka 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipasuka katika bahari ya Uingereza. Januari 1969 kisima cha mafuta kilifumuka karibu na Santa Barbara, Marekani, kikachafua pwani na kuua ndege wengi. Mapema mwaka 1970 vyama vya wafanyakazi vya Queensland viliwakataza wanachama wao kuihudumia kazi yoyote ya kuchimba mafuta katika eneo la Mwamba Mkuu. Kisha Machi mwaka huo huo, meli Oceanic Grandeur iligonga mwamba katika Mlango wa Torres, kaskazini ya Queensland, na mafuta yakamwagika baharini. Jambo ambalo wakubwa walisema haliwezi kutokea lilikuwa limetokea mlangoni kwao.

Mwaka huo wa 1970 tume ya uchunguzi iliundwa, nayo ilitoa ripoti mwaka 1974. John Büsst hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1971 mapambano yakiwa bado yamepamba moto. Hatimaye, mwaka 1975, Bunge la Australia lilitunga sheria ya kuanzisha hifadhi ya bahari ya Great Barrier Reef na kupiga marufuku uchimbaji wa madini na mafuta ndani yake. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliiandika miamba hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo hifadhi hiyo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 344,400, yaani zaidi ya theluthi moja ya nchi nzima ya Tanzania.

Mwaka 1977 Judith aliisimulia habari yote katika kitabu cha The Coral Battleground, yaani Uwanja wa Vita vya Matumbawe. Ukikisoma hutakuta maringo ya mshindi. Utakuta barua, mikutano, uchovu, na majina ya watu wa kawaida waliotoa jioni zao.

NCHI YA NANI?

Hadi hapa, ndugu msomaji, unaweza kusema kwamba huyu alikuwa mtu mwema aliyependa viumbe. Lakini sehemu ya maisha yake inayostahili heshima kubwa kupita zote ni hii inayofuata, kwa maana humo hakupambana na kampuni wala waziri. Alipambana na historia ya nyumba yao.

Alipokuwa mtoto, baba yake alimsimulia habari ya jabali moja katika milima ya kwao, ambako zamani Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, waliswagwa na walowezi hadi ukingoni wakaanguka na kufa. Habari hiyo haikumtoka moyoni. Mapema kabisa, katika kitabu chake cha kwanza, aliitungia shairi, wakati ambapo Waaustralia wengi weupe hawakupenda kuyakumbuka mambo hayo.

Mwaka 1959 aliandika kitabu juu ya babu na bibi yake, wafugaji waliohangaika na ukame na madeni. Kilipendwa sana. Hata hivyo, kadiri alivyozidi kusoma nyaraka za kale, aliona kwamba amesimulia nusu ya habari. Walowezi walihangaika, ni kweli. Lakini ardhi waliyohangaikia ilikuwa na wenyewe, nao wenyewe walikwenda wapi? Akarudi kwenye nyaraka, na mwaka 1981 akatoa The Cry for the Dead, kitabu kilichoeleza jinsi wenyeji wa Queensland ya kati walivyopokonywa nchi na kuuawa. Ni watu wachache wanaoweza kurudi kwenye habari ya babu yao waliyokwisha kuisimulia kwa sifa, wakaisimulia upya kwa ukweli.

Hali kadhalika alilikana shairi lake mwenyewe. Liko shairi lake la ujana juu ya mzee mwendesha mikokoteni ya maksai, lililofundishwa shuleni miaka mingi. Walimu walilifanya kuwa wimbo wa kuwatukuza walowezi. Judith alipoona hivyo, alikataa lisichapwe tena katika vitabu vya mkusanyiko. Mwandishi gani hufurahi kuliondoa sokoni shairi lake lipendwalo? Lakini yeye aliona heri kupoteza wasomaji kuliko kuwapotosha.

Katika njia hiyo hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mswada wa mashairi ya mwanamke wa Kiaborijini ulifika mikononi mwake kutoka kwa mchapishaji ili aushauri. Mtunzi alikuwa Kath Walker, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la kwao, Oodgeroo Noonuccal. Judith alisisitiza mswada uchapishwe. Kitabu kilitoka mwaka 1964, kikawa diwani ya kwanza kuchapishwa ya mshairi wa Kiaborijini. Wawili hao wakawa kama dada kwa dada. Urafiki wao haukuficha ukweli uliosimama kati yao: mmoja alikuwa wa ukoo uliopewa, na mwingine alikuwa wa watu walionyang'anywa.

Tangu mwaka 1979 hadi 1983 Judith alikuwa mjumbe wa kamati ya raia weupe, chini ya mchumi mashuhuri H. C. Coombs, iliyodai kwamba serikali ifunge mkataba na Waaborijini na kukiri haki zao. Mkataba wa taifa zima haukupatikana, wala haujapatikana hata sasa. Lakini mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, Mahakama Kuu ya Australia iliitupa nadharia kwamba nchi hiyo haikuwa na wenyewe kabla ya walowezi, na ikatambua kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi yao ilikuwapo tangu kale.

Kwa Judith, kuitetea bahari na kuwatetea wenyeji hayakuwa mambo mawili. Aliona kwamba jicho linalotazama ardhi na kuona mali ya kuchumwa tu, ndilo hilo hilo lililomtazama mwenyeji likaona kikwazo cha kuondolewa. Huwezi kuliponya upande mmoja ukauacha mwingine.

GHARAMA

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Je, alipata nini na alipoteza nini?

Alipoteza mashairi. Miaka ile ya barua na mikutano, alipokuwa katika ukomavu wa kipaji chake, ilikuwa miaka ambayo mshairi mwingine angefunga mlango akatunga. Hatutajua kamwe ni diwani ngapi zilizomezwa na ripoti za tume. Mwaka 1985 alitoa diwani yake ya mwisho ya mashairi mapya, kisha akanyamaza kama mtunzi, ingawa aliishi miaka kumi na mitano zaidi na kuendelea kuandika na kutetea aliyoyaamini. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa amehamia sehemu za Braidwood, karibu na mji mkuu wa Canberra, akaishi katika pori lililotunzwa kwa ajili ya viumbe wa asili.

Wako waliosikitika. Walisema siasa imemwibia Australia mshairi wake. Nasi hatuwezi kuwacheka, maana hasara hiyo ni ya kweli. Barua kwa waziri haiimbwi na watoto, wala kumbukumbu za kikao haziliwazi mfiwa. Lakini tujiulize upande wa pili. Wanaharakati waliokuwa na hoja nzuri hawakukosekana. Kwa nini yeye alisikilizwa? Alisikilizwa kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kumsoma. Walimkuta shuleni, wakampokea majumbani, wakaiona nchi yao kwa macho yake. Aliposema kitu hiki kina thamani, walikuwa tayari kumwamini. Beti zake za miaka ishirini ndizo zilizoipa uzito barua yake ya ukurasa mmoja. Hakuutupa ushairi, aliutumia, kama mzazi atumiavyo akiba siku mtoto anapougua.

Mwezi Mei mwaka 2000, Waaustralia wengi walipoandamana kudai upatanisho na Waaborijini, bibi kizee mmoja wa karibu miaka themanini na mitano, kiziwi kabisa, alihudhuria maandamano hayo mjini Canberra. Hakuweza kusikia nyimbo wala hotuba. Alikwenda ili aonekane amesimama upande gani. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, Judith Wright alifariki dunia.

Tusikufiche kwamba kazi yake haijaisha. Uchimbaji wa mafuta ulizuiwa, lakini joto la bahari halitambui mipaka ya hifadhi. Maji yanapozidi kupata joto, matumbawe huwatoa vijimea wanaowapa rangi na chakula, yakapauka, na hali ikidumu hufa. Miamba ya Great Barrier Reef ilipauka kwa wingi mwaka 1998 na 2002, kisha 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Miamba yetu ya Afrika Mashariki nayo ilipigwa vibaya na joto la mwaka 1998. Sisi wenyewe tulikuwa tumetunga sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikaanzishwa mwaka 1995, baada ya kuona baruti za wavuvi haramu na uchimbaji wa chokaa ulivyokuwa ukiyabomoa mazalio ya samaki. Aliyewahi kuvua kando ya mwamba uliokufa hahitaji kuelezwa tofauti.

Ndugu msomaji, pengine wewe ni mmoja wa wale wanaotutumia mashairi kila juma. Endelea, wala usidhani tunakushauri uache. Mtoto wako anahitaji mtu wa kumtajia majina ya ndege na miti ya kwao kwa maneno matamu, kabla hajafundishwa bei ya mbao. Lakini siku utakapoona mti uliousifu ukitiwa alama ya kukatwa, au mkoko uliochezea utotoni ukifyekwa, kumbuka yule mama wa Mlima Tamborine. Shairi lako limekwisha kusema kwamba unaupenda. Ichukue kalamu ile ile, andika barua kwa serikali ya kijiji, taja mahali, taja tarehe, taja jina lako, kisha ipeleke kwa mkono wako mwenyewe.